Muuaji ni Dereva

"Muuaji ni dereva," Mzee Mozammel alisema, na mkewe akamrushia mto.

Mto ulimpata begani. Hakukwepa. Aliuokota, akaukung'uta, akaupakata, macho yake yakiwa bado kwenye runinga. Inspekta wa tamthilia ndiyo kwanza alikuwa anaingia kwenye kinu cha mpunga alikouawa tajiri.

Rehnuma, mpangaji wa chumba cha juu, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, bakuli la bisi za mchele mkononi. Hakuwa ameshuka kutazama tamthilia. Alikuwa mgeni katika mji wa Barishal, amekuja kufundisha hesabu shule ya wasichana, na tangu ahamie hapa, kila baada ya swala ya magharibi alisikia sauti ya mama mwenye nyumba ikipanda kutoka chini. Kwanza manung'uniko, kisha kelele, kisha kitu kinaanguka. Halafu kimya. Rehnuma alikuwa akisahihisha madaftari huku ameuma meno. Kelele hizo alikuwa amekulia ndani yake. Baba yake naye hakuweza kumwona mama akifurahia jambo bila kumharibia, mpaka mama akaacha kufurahia.

Leo alikuwa ameamua kusema, hata kama atafukuzwa.

Kilichomuuma zaidi ni jinsi huyu mama alivyokuwa mstaarabu. Mzee aliporudi msikitini, yeye ndiye aliyeinuka kumpokea. "Karibu, bwana, karibu ndani. Usisimame hapo, kaa." Alimfutia kiti kwa upindo wa sari yake. Na malipo yake ndiyo haya.

"Sasa mjane atazirai," mzee alisema.

Mjane akazirai.

"Nyamaza," mama alisema.

"Anajifanya. Tazama alivyoshika mkoba. Mtu aliyezirai hashiki mkoba."

"Nimesema nyamaza. Nani kakuuliza?"

"Na daktari hatakunywa ile chai. Anajua kilichomo."

Kwenye runinga, daktari akakisukuma kikombe pembeni.

Mama alisimama. Alikuwa mfupi, mwembamba, lakini chumba kilimtosha kwa shida. "Baba Shiuli, hicho kinywa chako nitakuja kukishona kwa sindano ya magunia. Maisha yangu yote nimekaa na mtu asiyeweza kuniachia hata jambo moja nilione kwa macho yangu mwenyewe. Nikileta samaki, unasema ana miiba, na hata sijamkata. Siku ya harusi yetu ulizunguka kwa wageni ukiwaambia mvua itanyesha."

"Ikanyesha," mzee alisema.

"Ndiyo maana sitakusamehe. Na binti yetu Shiuli je? Mtoto wa watu yuko kwenye mapambo ya bibi harusi, wewe unamnong'oneza kwamba mumewe atapata kipara."

"Si amekipata?"

Mama alipiga kidoko kirefu, akaingia jikoni. Sufuria ziligonganishwa mpaka paka akatoka mbio.

Rehnuma alimgeukia mzee, akaona kitu kilichomchemsha damu. Mzee alikuwa anatabasamu. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa jikoni, anasikiliza sufuria zile kama mtu anayesikiliza wimbo wake.

"Baba," Rehnuma alisema, "mimi ni mpangaji tu. Ukiniambia nihame kesho, nitahama. Lakini unamtesa mama wa watu, na unafurahia."

Tabasamu la mzee lilififia. "Namkasirisha," alikubali.

"Kila siku."

"Kila siku, ndiyo."

"Amekukosea nini?"

Mzee alianza kuokota bisi zilizomwagika sakafuni, moja moja. Ukimya huo Rehnuma aliujua pia. Aliinuka akaenda kuzima runinga, na hapo ndipo alipoona taa ndogo ikimetameta ubavuni mwake. Flashi. Aliichomoa, na picha ikapotea.

"Kumbe," alisema. "Wala hubashiri. Umeshaitazama peke yako, halafu unakuja kujifanya mjuzi mbele ya mke wako. Huoni aibu, mzee mzima?"

"Si peke yangu," mzee alisema. "Nimeitazama naye."

"Lini?"

"Jana. Juzi pia. Sehemu hii hii."

Rehnuma alibaki na flashi mkononi. Alitaka kumwambia kwamba huo nao ni uongo, kwamba hakuna mtu anayeweza kukasirikia hadithi anayoijua mwisho wake. Lakini pazia la jikoni lilifunguka.

Mama alitoka na sinia la chai. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, hauna hata chembe ya ugomvi. Alimpa Rehnuma kikombe, akamuuliza kama amezoea mji. Kisha akainama mbele ya mumewe, akampa cha kwake kwa mikono miwili, upindo wa sari ukiwa umeshushwa vizuri kichwani.

"Kunywa, bwana, ingali moto," alisema. "Halafu usichelewe sana. Mkeo atakuwa anakungoja."

"Ahsante, mama," Mzee Mozammel alisema. "Sitachelewa."

Alimngoja akae, akanywa funda moja, kisha akamwinamia Rehnuma.

"Irudishe, binti," alisema kwa sauti ya chini. "Huwa ananijua akikasirika tu."