Gari Lisilo na Vishikio

Wiki mbili nzima Mwakio hakutulia. Aling'oa vishikio vya milango yote ya gari lake, nje na ndani, akaziba matundu kwa bati, akapiga puti, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu mpaka ubavu ukawa laini kama yai. Sasa milango ilitii rimoti tu.

Jioni hiyo alikwenda nalo ukweni kumrudisha mkewe, Chanya, aliyekuwa ameondoka nyumbani kwa hasira.

Chanya alipapasa mlango, mkono ukateleza.

"We Mwakio, hapa mtu anashika wapi?"

"Hushiki, malkia. Unasimama tu, mimi nakufungulia." Akabonyeza akiwa kwenye usukani, mlango ukafunguka wenyewe.

Chanya hakuingia. Aliinama akachungulia ndani.

"Na nikitaka kushuka?"

"Unaniambia."

"Nikikuambia siku umenuna?"

Mwakio alicheka. "Maswali kama polisi. Haya, kaa nayo wewe." Akamtupia rimoti pamoja na ufunguo.

Chanya akavidaka, akausukuma mlango ukajifunga, akabonyeza. Makomeo yote manne yakalia kwa pamoja.

"Haya, shuka sasa," alisema kupitia kioo.

Mkono wa Mwakio ulikwenda mlangoni wenyewe, ukapapasa juu, ukapapasa chini. Akafungua kinywa kufoka, akakifunga. Kisha akagonga kioo kutoka ndani, polepole, mara tatu, kama mtu anayepiga hodi.

Chanya alikuwa bado hajaitikia.