Mlinzi wa Upepo

Vikombe vitatu vya kupimia upepo viliteremshwa vikiwa vizima. Fathiya alivipokea mwenyewe, akavigeuzageuza mkononi. Miaka miwili juu ya mlingoti, kwenye jua na hewa ya chumvi, na havina hata ufa. Kwengine kote alikowahi kupima, vikombe huteremka vimepasuka, au havipo kabisa.

Kwenye chuma kilichovishikilia palinasa nyuzi za makumbi ya nazi. Akazibandua, akisema moyoni kwamba ndege nao hawana adabu, popote watajenga.

Hakuwa na raha. Mafundi wawili aliokuja nao kutoka Malindi, kule mjini Unguja, walikuwa wakiufungua mlingoti na kuupakia garini, na yeye mhandisi alibakiwa na kazi moja tu, nayo ndiyo ngumu: kumwambia Mzee Usi kwamba hapajengwi kitu.

Mzee Usi alikuwa mkwezi. Kwa miaka arubaini aliangua nazi za kijiji hiki, mbele kidogo ya Uroa, na mpaka leo, pamoja na mvi zake, hupanda mnazi mrefu na kushuka kabla chai haijapoa. Shamba lilikuwa lake. Watu wa mradi walipokuja kutafuta pahala pa kusimamisha mlingoti, wenziwe walitaka kwanza kujua watapata nini. Yeye alisema chukueni, na ulinzi nitafanya mwenyewe.

Kila mtu alijua kwa nini. Binti yake, Mwatima, alikwenda kujifungua katika kituo cha afya cha kijijini, na magharibi ya siku ile umeme ukakatika. Mkunga alihangaika na tochi ya simu mpaka simu nayo ikazima. Mama akaenda, mtoto akaenda. Mwatima alikuwa na miaka ishirini na mbili. Sasa mradi uliahidi kwamba upepo ukithibitika kutosha, patajengwa mitambo ya umeme, na kituo cha afya kitawashiwa kwanza, kabla ya hoteli, kabla ya mtu yeyote. Mzee Usi hakuhitaji kusikia la pili.

Siku ya kusimamisha mlingoti, Fathiya ndiye aliyemweleza kazi, tena kwa haraka, maana gari lilikuwa linamngoja. Alimwonesha vile vikombe vinavyozunguka kule juu, akamwambia mradi wote uko pale. Vikivunjika, hatuna kitu. Mzee Usi akaitikia "Naam", akashika kazi.

Na aliishika kweli. Mbuzi hawakufungwa karibu, watoto hawakuthubutu kurusha mawe upande ule. Mkewe, Bi Kazija, alikuwa akiwaambia majirani kwamba uzeeni ameletewa mke mwenza wa chuma, mrefu kuliko yeye, na zamu zote anapata huyo. Watu husema muungwana ni vitendo. Basi kijiji kizima hakikuwa na muungwana kumshinda Mzee Usi.

Fathiya akavuka uwanja wa skuli kumfuata. Upande mmoja wa paa la skuli ulikuwa na mabati mapya yanayong'ara. Angalau kuna kinachokwenda mbele hapa, alijisemea.

Alimkuta barazani kwake, anawatazama mafundi kwa mbali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnaushusha huu mdogo, mnatuletea ile mikubwa?"

Maneno mazuri aliyoyapanga njia nzima yakamkimbia. Akakaa chini, akamweleza kama yalivyo. Kifaa kiliandika kila dakika kwa miaka miwili, na hesabu imetoka ndogo. Upepo mwepesi upo, tena mwingi. Lakini ule wenye nguvu, unaoweza kuzungusha mitambo, haukuonekana. Wakubwa hawakuamini, wakaleta fundi akikague kifaa, akakikuta kizima. Nchi ni kubwa, pahala pa upepo hapakosekani; mradi umehamishiwa bara, na karatasi zilitiwa saini juzi. Hazirudi tena.

Mzee Usi alikuwa ameinamisha kichwa, anavitazama viganja vyake vilivyojaa sugu.

"Na hawa wanaokwenda kuzaa?" aliuliza mwishowe.

Fathiya alimjua Mwatima kwa picha tu, ile iliyotundikwa ukumbini mwa mzee, lakini machozi yalimtoka kama ya ndugu. Alilia mbele ya mzee wa watu bila ya kujificha, na aliona haya kwamba anayestahili kuliwazwa ndiye anayemliwaza. Maana Mzee Usi aliita ndani aletewe maji, akampa anywe, akamwambia hapana wa kulaumiwa. Upepo ni wa Mungu, humpa amtakaye. Lililokuwa juu yao wao ni kutunza, na wametunza.

Gari likapiga honi. Fathiya akainuka, akamwomba radhi kwa mara ya tatu. Mzee naye akainuka, akamsindikiza mpaka ngazini.

"Huko bara, mlinzi atakuwepo?" aliuliza.

Fathiya akasema atakuwepo, hapakosi mlinzi.

"Basi mfikishie maneno yangu, na yeye apate kufaidi kuliko sisi. Mwambie vile vikombe vinataka moyo. Upepo ukianza kuchachamaa tu, asingoje: apande avifunge kwa kamba, na asivifungue mpaka kutulie. Mimi sikuwacha hata mara moja."