Kigingi Kilichohama

Kigingi kiligoma. Maximilla alikitikisa kwa mikono miwili, mtoto mgongoni akicheka akidhani anachezeshwa. Jua lilikuwa linazama, na watu wa vipimo walikuwa wamesharudi Kasulu.

Walikuja Muyama kupima mlima. Treni, walisema, itapita tumboni mwake, iingie upande huu itokee ule. Watu waliguna tu. Mama mkwe wake, aliyewahi kuhamishwa enzi za vijiji vya ujamaa, alimwambia neno moja: palipopigwa kigingi hapakai nyumba.

Na nyumba yenyewe ndiyo kwanza wameihamia, yeye na mumewe Longinus. Tofali za kuchoma, bati bado linang'aa.

Kilichomuuma zaidi ni jirani yake, mwalimu Ghati, mtu wa kuja kutoka Tarime. Juzi Maximilla alikuwa akipanda kutoka bondeni na dumu la maji kichwani, mtoto mgongoni, akamwona amesimama na mhandisi Khatibu, wanatafuna mahindi ya kuchoma. Ghati alinyoosha kidole. "Ndiye huyo," alisema, na mhandisi akaitikia kwa kichwa. Alipowakaribia wakanyamaza ghafla.

"Mama Castory," Ghati akamchangamkia, "huyo mtoto atakua akidhani dunia nzima ni kupanda mlima."

Maximilla hakucheka. Na asubuhi yake kigingi chenye utepe mwekundu kikapigwa mbele ya mlango wake. Longinus alisema waulize kwanza. Waulize nini, na mtu ameshawauza?

Kigingi kikang'oka. Akapenya nacho kwenye ua wa minyaa, akakishindilia kwa jiwe katikati ya maharage ya Ghati.

Kesho yake mashine ya kuchimba ilikuja bila mhandisi. Mafundi waliutafuta utepe mwekundu, wakauona, wakapita juu ya maharage. Ghati aliporudi kutoka shuleni alikuta shamba limekuwa tope. Alikitazama kigingi, akautazama ua pale minyaa ilipovunjika, halafu akaingia ndani. Maximilla, akichambua mchicha mlangoni kwake, aliinamisha kichwa. Kama ni kubomoa, basi waanze na aliyewaita.

Alasiri maji yaliruka kutoka shimoni. Wanawake wakakimbilia ndoo, watoto wakaloa hadi nywele. Khatibu alifika na gari lililobeba pampu ya mkono. Akashuka, akaziangalia zile nyumba mbili, akashika kiuno.

Maximilla alimsogelea, akamwuliza wataanza kubomoa lini. Mhandisi alimshangaa. Hakuna nyumba ya kubomolewa, alisema; treni itapita chini sana, hata kikombe mezani hakitatikisika. Haya mashimo ni ya kupima mwamba, na shimo likitoa maji wanafunga pampu na kumwachia mwenye uwanja.

Kisha akamgeukia Ghati, aliyekuwa ametoka kuangalia.

"Lakini mwalimu, si ulinibembeleza nichimbe kwa huyu mama mwenye mtoto mgongoni, apumzike kupandisha maji kile kilima? Nani kahamisha kigingi?"

Watu wakatazamana.

"Mimi," alisema Ghati, akijikung'uta tope kwenye gauni. "Niliingiwa na tamaa."