Sekunde Zilizofunikwa

Marehemu alikuwa amekwama kwenye kioo cha kompyuta, mdomo wazi.

"Na mama yenu..." alikuwa amesema, kisha kimya.

"Simu ilizima, Mama," alisema kijana wake wa mwisho, fundi wa video. Ndiye aliyemrekodi baba yake hospitalini, na ndiye aliyepamba yale maneno kwa maua na muziki laini. Alijibu huku akitazama sakafu.

Wiki nzima mjane hakupata raha. Mume wake alisema nini juu yake? Labda alimwachia nyumba, na kijana anaitaka. Watoto wa siku hizi, jamani, mzazi hajapoa wameshapima vyumba.

Basi akampeleka shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu, kwenye studio ya kijana, mchana kweupe, awe shahidi. Binti wa shemeji alifanya kazi hapohapo. Akainama kwenye kompyuta.

"Mama mdogo, video yenyewe ina sekunde thelathini na tano. Ila hii kazi iliyopambwa imewekewa urefu wa sekunde ishirini. Zilizozidi zipo, hazionyeshwi tu. Nikibadili hii namba, zinarudi."

Akamgeukia kijana. "Na wewe, si ungezifuta tu?"

"Sauti ya baba? Nifute kwa mkono gani?" Akafunika kipanya kwa kiganja. "Mama, nakuomba. Tusikilize wawili tu kwanza."

"Wawili kwa nini? Baba yako mkubwa ni mgeni hapa?"

"Mama..."

"Unaficha maneno ya marehemu, halafu unanibembeleza! Nimekaa na baba yako miaka thelathini, hakuwahi hata kuniuliza nimetoka wapi. Leo nina siri gani mimi?"

Shemeji akakohoa. "Mpishe dada yako afanye kazi."

Kijana akatoa mkono taratibu. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

Mjane akavuta kiti mbele, akanyoosha mtandio wake kama anayepigwa picha. Binti akafuta ishirini, akaandika thelathini na tano.

Marehemu akapata sauti.

"Na mama yenu mwambieni nilishamsamehe. Huyu anayenishikia simu, tangu siku aliyozaliwa nilijua si damu yangu. Na ndiye niliyempenda kuliko wote."