Gesi Haiuzwi Bila Kuku

Kuku yule yule aliuzwa mara ya nne asubuhi hiyo, na bado alikuwa amefungwa mguu kwa meza ya duka.

"Mama Mbuthia, huyu kuku wako anataga dhahabu ama?" Chepyegon mwenye hoteli alicheka huku akilipa. Akabeba mtungi wake wa gesi, kuku akamwacha pale pale.

Kapkatet yote ilijua huo mpango. Bei ya gesi ilipangwa na serikali, na ilikuwa chini hata ya ile Wanjuhi, huyo Mama Mbuthia mwenye duka, mwenyewe alinunulia Nakuru. Basi gesi aliuza bei ya serikali, lakini lazima ununue na kuku, karibu bei ya mbuzi. Kuku serikali haikumpangia bei.

Sasa angefanya nini? Akipandisha bei ya gesi, anatiwa ndani. Akifungia mitungi stoo, ameficha bidhaa, ndani. Akiuza vile serikali inataka, duka linakufa. Na jana alishinda barabarani siku nzima akileta hii mitungi, matope mpaka kwa magoti.

Mwanaume mmoja mgeni akaingia.

"Gesi iko?"

"Iko. Na kuku."

Jamaa akatoa kitambulisho, akakilaza juu ya meza polepole. Kebaso, mkaguzi wa bei.

"Mama, hii kuku itakupeleka jela."

"Ofisa, tafadhali. Niko na watoto."

Kebaso akafunga mlango. Akaangalia mitungi, akaangalia saa.

"Wacha nikusaidie. Niuzie yote, bei ya serikali. Nitalipa kila senti. Hiyo maneno ya kuku, mimi sikuona."

"Yote, ofisa?"

"Ama twende kwa polisi?"

Akauza. Kila mtungi ukipandishwa kwa pikapu ya Kebaso, roho ilimchoma Wanjuhi, lakini heri hasara kuliko pingu. Mpaka akamwambia asante, Mungu akubariki. Kebaso akaondoka mbio, tope likiruka.

Wanjuhi alikuwa amekaa kwa sakafu, Weldon fundi wa viatu alipoingia akipiga makofi.

"Mama Mbuthia! Kwani wewe husikii redio? Tangu jana bei ya gesi imeachiliwa, uza vile roho inataka! Na wale wakaguzi wa bei, wote wamefutwa kazi."