Kitundu Kilichoanzia Ndani

Picha ambazo Sikudhani, mtafiti wa seli, alizisubiri kwa miaka kumi na moja zilipotokea kwenye kioo cha darubini, aliona ukungu mtupu. Mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumfunika macho yote mawili. Akamwita Mkejina, mfanya usafi aliyekuwa akipiga deki maabarani humo.

"Njoo unitazamie, dada. Hicho ni kiini cha seli, kimezungukwa na kuta mbili nyembamba. Niambie unachokiona tu."

Hakumwambia kwamba wenzake wote walishikilia kuwa matundu ya kiini huanza kutobolewa kutoka nje, na kwamba ni yeye peke yake aliyekataa.

Mkejina akafuta mikono, akainama.

"Ukuta wa ndani umevimba, daktari. Unausogelea ule wa nje taratibu, kama mimba inayokua."

"Zimegusana?"

"Hapa bado." Akafungua picha iliyofuata, kisha nyingine. "Hapa zimegusana. Na hapa pametoboka. Kitundu cha mviringo, kizuri kweli."

Sikudhani akaketi palepale sakafuni, kwenye maji, machozi yakimtiririka.

"Kwani kinapitisha nini?" Mkejina akauliza.

"Ujumbe wa kutoka, na mahitaji ya kuingia. Usiku na mchana. Hata ndani yako, sasa hivi."

Uso wa Mkejina ulikuwa karibu kabisa na kioo, mwanga wa kijivu ukimchezea mashavuni, na mkono mmoja, bila yeye kujua, ulikuwa umetulia kifuani.