Lambo la Eduviges

Chura yule alikuwa mkubwa kama sahani. Eduviges alimlaza chali juu ya jiwe, akampasua tumbo kwa kisu cha kuchunia ng'ombe.

Ndani alikuta kijiguu chembamba chenye madoa.

Miaka mitatu ya ukame, yeye na mumewe walikuwa wakileta maji kwa pikapu hadi kwenye lambo lao, karibu na uzio wa mpaka, ili vyura wa madoa wasiishe. Bonde zima lilibaki na hao tu. Majirani walimtania: "Si uwapeleke kwa padri wakabatizwe, mama vyura!"

"Hili dubwana limetoka wapi?" mumewe aliuliza. "Huku kwetu halijawahi kuonekana."

Eduviges alikumbuka mwaka juzi, walipochota maji kwenye lambo la jirani. Viluwiluwi vinene vilibaki vikihangaika ndani ya pipa. Mumewe alimwambia avimwage mchangani, akaenda zake kuwasha gari. Yeye akavionea huruma, akavikusanya kimoja kimoja kwa viganja na kuvitia lamboni.

Kwenye matete sauti nzito ilikoroma, na nyingine ikaijibu. Zile nyembamba za vyura wa madoa, alizozizoea, hazikusikika.

Akakifunga kijiguu kile ndani ya leso yake.

Mumewe alikuwa ameshapanda nyuma ya pikapu, mpira wa maji mkononi, mapipa manne yamejaa pomoni.

"Haya, bibi wee," alisema, "nifungue maji?"